Namna ya kutengeneza gando la roboti ya chini ya maji kwa sirinji mbili

Vijana wengi wanaotengeneza roboti ya kuzamia wakifika kwenye mkono ndo wanapozidisha mambo, wanataka kiwiko, kifundo, vidole vitano na mota kila kiungo, halafu wakitia baharini vyote vinakufa siku moja. Mie nasema mkono wa skuli ufanye kazi moja tu, kufumba na kufumbua, basi. Kupanda, kushuka, kugeuka, hayo roboti yenyewe inayafanya kwa propela zake, ya nini mkono uyarudie?

Na mota msitie kama hamna haja nayo. Maji ya chumvi yanapitisha umeme, yakiingia kwenye mota ya kawaida shaba inaliwa upesi sana, na kuiziba pale shafti inapozunguka ni kazi kweli. Mkiitaka kwa lazima tafuteni mota ya pampu ya kutolea maji botini, ile ya volti 12 iliyozibwa kiwandani, lakini kwa gando, yaani huo mkono wa kufumba na kufumbua, sirinji zinatosha na zinauzwa duka la dawa lolote, sindano zake hamzihitaji.

Mnachukua sirinji ya ml 5 inakaa juu mkononi kwa anayeendesha, na ya ml 10 inakaa kwenye roboti, katikati mrija uliojaa maji. Kwa nini zisilingane? Ya ml 5 kipenyo chake ndani ni kama milimita 12, ya ml 10 kama milimita 15 (pimeni zenu, kila kiwanda na vyake), eneo la kubwa linazidi la ndogo karibu mara moja na nusu, kwa hivo ukisukuma juu kwa nguvu ya kilo 2 chini inatoka kama kilo 3. Bei yake ni mwendo, ml 5 zote zikishuka pistoni ya chini inasogea karibu sentimita 2.8 tu, lakini kwa gando hiyo inatosha.

Sa gando lenyewe. Muangalie kaa, kidole kimoja kimetulia na chengine ndo kinachotembea, nyie fanyeni hivohivo, kidole cha chini kimefungwa kwenye fremu na cha juu kinazunguka kwenye bolti moja. Kata vidole kwenye ule ubao wa plastiki wa kukatia mboga, mzuri kuliko plaiwudi ambayo inakunywa maji na kuvimba, na hauzami kwani ni mwepesi kidogo kuliko maji. Kutoka kwenye bolti mpaka pale pistoni inaposukuma iwe sentimita 3, na kutoka kwenye bolti mpaka ncha ya kidole sentimita 9. Hapo nguvu inagawika kwa tatu, zile kilo 3 zinabaki kama kilo 1 kwenye ncha, na ncha inafunguka kama sentimita 8, chupa ya maji inaingia vizuri. Kidole cha chini kifanyeni viwili vyenye nafasi katikati ili cha juu kipite baina yao, kitu chembamba kama kamba hakiponyoki. Ndani bandikeni vipande vya tyubu ya baiskeli. Bolti ziwe stenlesi, na kama fremu ni alumini wekeni washa za plastiki baina yake, vyuma viwili tofauti vikigusana baharini alumini ndo inayoliwa.

Hapa kuna uamuzi wa kufanya mapema. Sirinji ifumbe na mpira wa tyubu uliovutwa, ule wa kulirudisha gando, ufumbue, au kinyume chake? Wengine wanapenda mpira ufumbe ili mzigo usidondoke mrija ukipasuka. Mie nachagua mpira ufumbue, kwa sababu kwetu chini kuna kamba za mwani, madema, nyavu zilizokatika, gando likikwama limefumba kwenye kamba ya mtu mmepoteza roboti na mmegombana na mwenye shamba, bora chupa idondoke yakhe.

Kujaza maji ndo penye shughuli. Chemsheni maji yapoe, tieni tone la rangi ya chakula mpate kuona panapovuja, halafu zamisheni sirinji zote mbili na mrija ndani ya beseni na mjaze humohumo, mkigongagonga mpaka povu lote litoke. Hewa ikibaki unasukuma juu na chini hakitokei kitu, unaiminya hewa tu, na mita 10 chini hiyo hewa inabaki nusu ya ujazo wake. Mrija uliojaa maji hauna tabu hiyo, uzito wa maji ya ndani unalingana na wa maji ya nje karibu sawa. Mrija wa dripu unafaa kwa mita chache, ukiwa mrefu unatanuka na gando linakuwa zito kuitika, tafuteni mgumu. Maungio fungeni kwa waya au kebo tai, na mpira wa pistoni msiupake Vaseline, unavimba, pakeni grisi ya silikoni.

Mkishafunga gando mbele roboti itainamisha pua. Wekeni kipande cha boya la nyavu juu ya gando palepale, si nyuma, mkijaribu kwenye pipa mpaka itulie sawa. Povu la ndara linafaa pia ila ukishuka chini linaminywa na kupoteza wepesi.

Baharini nendeni maji mafu, siku yanapopanda na kushuka kidogo, mwezi ukiwa nusu. Bamvu, yale maji makubwa, hapa Unguja linapanda na kushuka kama mita 4, mkondo wake roboti ya skuli haiuwezi, na pwani ya mashariki, Paje au Jambiani, yakishakupwa mtatembea mpaka mchoke kabla hamjayakuta ya kuzamisha kitu. Anzeni na chupa tupu iliyotiwa mchanga kidogo, matumbawe msiyaguse kabisa. Mkitoka osheni gando kwa maji baridi ya bomba, sukumeni na kuvuta sirinji humo ndani ya ndoo, na ule mpira wa tyubu uvueni kabla ya kuweka, ukikaa umevutwa wiki nzima unalegea.