Windows au Linux kwenye mashine ya okazioni? Pima hivi kabla ya kubishana

Weka laptopu ya okazioni mezani kwa fundi yeyote wa Lubumbashi, uulize kama upandishe Windows au Linux. Hutakosa majibu mawili makali. Mmoja ataapa kwamba Linux hufufua maiti, mwingine atasema Linux ni ya watu wasio na kazi ya kumaliza. Mara nyingi wote wawili wanabishana juu ya diski bila kujua. Laptopu yenye diski ya kuzunguka itakuwa nzito kwa mfumo wowote, na ukiitoa ukaweka SSD, yaani diski isiyo na kitu cha kuzunguka, nusu ya ubishi inakufa hapo hapo. Ndiyo maana kazi hii ina mpangilio wake: tafuta kwanza kinachoichosha mashine, kitengeneze, kagua programu unazozitegemea, halafu pima mifumo yote miwili kwa saa.

Mzigo uko wapi?

Washa mashine kwenye Windows iliyopo, isubiri dakika tano itulie, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, dirisha la kusimamia kazi za mashine lifunguke. Mashine nyingi za hapa zimewekwa Kifaransa, kwa hiyo tafuta sehemu iliyoandikwa "Performance" au "Performances". Fungua kivinjari na waraka mmoja, halafu tazama mistari mitatu.

Diski ikigonga asilimia 100 huku prosesa iko 10 au 20, tatizo ni diski. Kumbukumbu ikipita asilimia 85 kwa kivinjari tu, RAM haitoshi. Prosesa ikibaki juu muda wote na feni inapiga kelele, angalia ni programu gani inayoila. Usipoiona, fungua mashine utoe vumbi. Kuanzia Mei hadi Septemba, mvua ikiwa imekata, vumbi jekundu la Lubumbashi huingia kwenye feni na kujenga kitambaa kati ya feni na mapezi ya kupozea. Joto likipanda, prosesa hujipunguzia kasi yenyewe, na mwenye mashine hulaumu mfumo. Safisha kwa brashi laini na hewa, ukiishika feni kwa kidole isizunguke, kisha badilisha dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa. Tone la ukubwa wa punje ya mchele linatosha.

Kwa nini diski ya kuzunguka huua mashine? Sindano yake lazima isogee hadi mahali faili lilipo, na kila safari inachukua milisekunde kama 10 hadi 15. Hapo inahudumia maombi madogo chini ya mia moja au karibu na mia kwa sekunde. Mfumo unapowaka unasoma maelfu ya faili ndogo. SSD haina kitu cha kusogeza, nayo huhudumia maelfu kwa maelfu. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti yoyote kati ya Windows na Linux.

Kununua SSD bila kupoteza pesa

Fungua mfuniko wa chini kabla ya kwenda dukani, usinunue kwa kukisia. Laptopu za zamani hupokea SSD ya inchi 2.5 yenye plagi ya SATA. Diski nyingi za zamani zina unene wa milimita 9.5, SSD nyingi zina 7, kwa hiyo itacheza ndani ya kikapu usipoweka fremu ya plastiki au kipande cha kadibodi. Ikicheza, plagi hulegea na siku moja mashine itakuambia haina diski.

Mashine za baadaye kidogo zina nafasi ya M.2, na hapa ndipo watu wengi hulia. Umbo ni lile lile, lakini kuna M.2 ya SATA na M.2 ya NVMe, aina ya kasi zaidi inayowasiliana na mashine kwa njia nyingine. Nafasi ya SATA peke yake haitaiona NVMe hata ukiisukuma vipi. Soma kijitabu cha modeli yako kamili. HP EliteBook 840 G3 si sawa na 840 G1.

RAM nayo ina mitego. DDR3L hufanya kazi kwa volti 1.35, DDR3 ya kawaida kwa 1.5, na zote mbili zina pini 204, kwa hiyo zinaingia tundu moja. Mashine inayotaka DDR3L ikipewa DDR3 ya kawaida inaweza kukataa kuwaka. DDR4 ina pini 260 na haiingii kabisa, usilazimishe.

Ukishainunua SSD au flashi ya bei ya ajabu, ipime uwezo wake. Kuna vifaa vilivyoandikwa GB 256 ambavyo ndani vina sehemu ndogo tu, na faili zikishapita hapo zinafutana. Kwenye Linux, programu ya f3 inatosha: `f3write` hujaza kifaa, `f3read` huhakiki kilichoandikwa. Kwenye Windows tumia H2testw. Ifanye kabla muuzaji hajakusahau.

Kabla ya kufungua skurubu, hamisha faili zako zote kwenye diski ya nje, kisha endesha `manage-bde -status` kwenye dirisha la amri la msimamizi. Likikuambia diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, tafuta ufunguo wake wa kurejesha leo, maana kesho diski ile ikikaa kwenye mashine nyingine hutasoma chochote. Zima mashine, chomoa chaja, toa batri, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde 15 umeme uliobaki uishe. Batri ikiwa ya ndani, chomoa waya wake kwanza.

Kazi ndiyo inaamua

Sehemu hii wabishi huiruka, na ndiyo inayotoa hukumu katika kesi nyingi.

Mhasibu anayefuata mpango wa hesabu wa OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za biashara za pamoja, ambao Kongo iliingia mwaka 2012, akiwa anatumia programu ya uhasibu ya Sage 100 iliyo kwenye mashine, basi mjadala umekwisha: abaki na Windows. Mchoraji wa ramani za majengo anayeishi ndani ya AutoCAD vilevile. Kuna Wine, inayojaribu kuendesha programu za Windows juu ya Linux, na kwa programu ndogo inasaidia. Ila usimwekee mhasibu Wine wiki ya kufunga mwaka.

Mwanafunzi wa jiolojia wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) anayetumia QGIS ya ramani, Python na R hapotezi kitu kwenye Linux, kwa sababu zote zinaendeshwa kote. Anayeandika TFC (kazi ya kumaliza masomo) au memwari katika Word ana hatari moja: LibreOffice inafungua faili za docx, lakini majedwali na namba za kurasa zinaweza kuhama. Herufi za Calibri hubadilishwa na Carlito, Times New Roman na Liberation Serif, ambazo zina upana ule ule, kwa hiyo mistari haihami sana. Picha zilizoelea ndizo zinaruka. Ukienda kuchapisha mjini, peleka PDF, usipeleke docx.

Kuhusu Windows yenyewe: msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), RAM ya GB 4, diski ya GB 64 na, kwa upande wa Intel, kizazi cha 8 kwenda juu isipokuwa prosesa chache sana. Kizazi utakisoma kwenye jina: i5-6300U ni cha 6, i5-8350U ni cha 8, i5-10210U ni cha 10. Kuna njia za kuiingiza Windows 11 kwa nguvu kwenye mashine ya kizazi cha 6, lakini Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine ya namna hiyo. Kwa maoni yangu hapa ndipo hoja ya Linux ina uzito kuliko zile nyingine zote: mashine ya kizazi cha 4 hadi cha 7 yenye SSD na GB 8 bado ni nzuri, na Linux itaendelea kuipa masasisho.

Kupima kwa haki

Kosa la kwanza la wabishi ni kulinganisha Windows ya miaka sita, yenye antivirasi mbili na programu ishirini zinazojiwasha, na Linux iliyopandishwa jana. Kosa la pili ni kulinganisha Linux inayoendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi na Windows iliyo ndani ya diski. Flashi ni polepole, kwa hiyo itumie kujua kama vifaa vinakubali tu, usiitumie kupima kasi.

Chukua Linux Mint, moja ya aina za Linux, ile yenye sura ya Xfce, nyepesi na inayofanana na yale watu waliyoyazoea. Faili lake ni karibu GB 3, kwa hiyo likokote mahali penye intaneti ya bei nafuu. Lihakiki kwa `certutil -hashfile`, jina la faili, kisha `SHA256`, ulinganishe na namba iliyo kwenye tovuti yao. Faili lililokatika njiani hukupa makosa ya ajabu katikati ya kupandisha. Liandike kwa programu ya Rufus kwenye flashi ya GB 8, ukijua kila kilichomo kitafutwa. Washa mashine ukigonga F12 kwa Dell na Lenovo, F9 kwa HP.

Mfumo ukifunguka, kibodi itakuwa ya Kimarekani. Mashine zinazopitia Kasumbalesa nyingi huwa QWERTY, hizo hazina shida. Zile zilizotoka Ubelgiji au Ufaransa ni AZERTY, na amri ya kubadilisha ni `setxkbmap fr`, au `be` badala ya `fr`. Tatizo ni kwamba bado hujabadilisha. Kwenye vitufe vya AZERTY utagonga `setxkb,qp fr`, maana M ya Kimarekani imekaa kwenye mkato na A imekaa kwenye Q. Wakati wa kupandisha mfumo, chagua kibodi sahihi kabla ya kuandika neno la siri, ujaribu kwenye kisanduku cha majaribio. Wengi wanaosema Linux imekataa neno langu la siri waliliandika kwa kibodi nyingine.

Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera, mwanga wa skrini, na kulala na kuamka. Kadi za Wi-Fi za Broadcom ndizo sumbufu. Mara nyingi zinahitaji dereva, yaani programu ya kuendesha kifaa, iliyo kwenye kidirisha cha madereva, na dereva hiyo inataka intaneti. Unganisha simu kwa waya wa USB ukopeshe mashine intaneti. Kipandishaji kisipoiona diski, ingia BIOS (mipangilio ya ndani ya mashine inayofunguka kabla ya mfumo) ubadilishe mpangilio wa diski kutoka RAID kwenda AHCI.

Sasa pima. Pandisha kila mfumo upya kwenye SSD ile ile, sasisha, wacha utulie saa moja, halafu kwa saa ya simu rekodi:

- kutoka kitufe cha kuwasha hadi folda yako ifunguke;
- kufungua waraka wako mzito kuliko yote, ule wa majedwali;
- kivinjari kile kile kote, kurasa tano zile zile, hadi ya mwisho ikubali kusogezwa;
- RAM inayobaki: `free -h` kwenye Linux, ukisoma safu ya mwisho;
- batri, mwanga wa skrini nusu, kurasa zile zile, kutoka asilimia 100 hadi 20.

Kila kipimo mara tatu, uchukue cha katikati. Kwa kawaida Mint ya Xfce ikishatulia hutumia karibu GB 1, Windows 10 karibu GB 2 au zaidi. Kwenye GB 4 hiyo ni tofauti unayoihisi. Kwenye GB 8 haionekani sana. Na kurasa za kivinjari hula RAM ile ile kote, kwa hiyo anayefungua kurasa ishirini kwenye GB 4 atateseka kwa mfumo wowote.

Batri usiihukumu kabla ya kujua afya yake. Kwenye Windows, `powercfg /batteryreport` hukutengenezea ripoti. Kwenye Linux, `upower -d` huonyesha ujazo wa sasa na ule wa kiwandani. Batri iliyobaki na asilimia 40 haitaokolewa na mfumo. Hili lina uzito Lubumbashi, ambako umeme wa SNEL hukatika bila kubisha hodi: laptopu isiyo na batri huzimika katikati ya kuandika, na faili lililokuwa wazi linaharibika hata kwenye mfumo unaojirekebisha. Umeme ukirudi, ngoja dakika chache ndipo uchomeke chaja, na radi ikianza kupiga wakati wa mvua, ichomoe kabisa.

Hoja mbili utakazorushiwa

"Linux haina virusi." Inavyo vichache, lakini faida unayoiona hapa ni ya flashi. Flashi inayotoka kwenye kompyuta za kuchapisha mara nyingi hurudi folda zikiwa zimefichwa na njia za mkato bandia zikiwa zimewekwa badala yake. Linux haiziendeshi, na folda zako kwa kawaida utaziona tu, maana haifuati alama ya kuficha ya Windows. Lakini usipozifuta hizo njia za mkato bandia, unambebea virusi rafiki yako mwenye Windows. Kwake, kama flashi ni E, amri ni `attrib -h -r -s /s /d E:\*.*`.

"Windows hula mega." Inakula, ila inazuilika: fungua mali za Wi-Fi yako, weka alama kwamba muunganisho unalipiwa kwa kiasi. Mint nayo ina masasisho ya mamia ya mega, tofauti ni kwamba inakuonyesha ukubwa wake na kusubiri ukubali.

Diski ya zamani uliyoitoa usiiuze na faili zako ndani. Ikague kwa `sudo smartctl -a /dev/sdb`, baada ya kuhakikisha kwa `lsblk` kwamba sdb ndiyo yenyewe. Mstari wa Reallocated_Sector_Ct au Current_Pending_Sector ukiwa na namba kubwa kuliko sifuri kwenye safu ya mwisho, usiiamini. Zikiwa sifuri, itie kwenye kasha la USB la inchi 2.5, iwe ya kuhifadhi nakala.