Kuchagua mtungi wa gesi kwa nyumba ya Goma: anza na mahali, kilo baadaye

Wateja wengi huniuliza swali moja: "Fundi, ninunue bombone ya kilo ngapi?" Mimi huomba kwanza wanionyeshe jikoni. Nafunga gesi majumbani, Ndosho, Katindo, Mabanga hadi Himbi, na karibu kila tatizo ninaloitiwa lilianzia mahali mtungi uliposimamishwa.

Jambo moja la kuelewa mapema: gesi ya mtungi siyo ile ya Ziwa Kivu. Ya ziwani ni methani, nyepesi kuliko hewa. Kule Karongi, upande wa Rwanda, wanaichoma kutoa umeme. Ya mtungini ni butani na propani, imeshindiliwa mpaka ikawa maji, na ikitoka inakuwa nzito kuliko hewa. Uzito huo ndio unaoniongoza katika kazi yote.

Hatua ya 1: Tafuta mahali pa mtungi

Mtu wa Goma hahitaji somo refu hapa, maana anajua mazuku. Ni hewa ya ukaa inayotoka ardhini na kutuama mabondeni, hasa alfajiri kabla ya upepo kuamka. Mbuzi anaanguka huku aliyesimama kando yake bado anapumua, ndiyo maana tunakataza watoto kucheza kwenye mashimo. Gesi ya mtungi ikivuja hufanya vilevile: inashuka, inatambaa sakafuni, inatafuta shimo. Ila mazuku huzima moto, na hii inaungoja. Heri yetu ni kwamba gesi ya mtungi imetiwa harufu kali ili pua ikuonye.

Kwa hiyo inama uangalie chini. Je, hewa inapita sakafuni? Nyumba ya mbao huwa na upenyo kati ya ubao wa mwisho na sakafu, na watu huuziba kwa matambara kwa sababu ya baridi ya usiku. Chumbani ziba ukitaka, jikoni acha wazi. Nyumba ya matofali yenye kizingiti inahitaji tundu la ukubwa wa tofali, usawa wa sakafu, linalotoka nje. Dirisha la juu peke yake halitoshi.

Angalia pia mwamba wenyewe. Tumejenga juu ya lava, na lava ina nyufa. Nyumba moja nilimwaga ndoo ya maji pale walipotaka kuweka mtungi. Yote yakanywewa kwenye ufa kabla sijasimama wima. Gesi nayo ingepita humo humo, ikajikusanya mahali ambapo hakuna anayeweza kuifungulia mlango. Tuliuhamisha mtungi nje, chini ya kibati, juu ya saruji, mbali na shimo la choo.

Kama hujapata mahali pa namna hiyo, usinunue bado.

Hatua ya 2: Pima mapishi yenu

Jiko kubwa la kawaida, moto wake ukifunguliwa wote (kama kilowati 3), hula takriban gramu 230 kwa saa. Mtungi wa kilo 6 basi ni saa 26 hivi, na wa kilo 12 ni saa 52. Familia inayowasha saa mbili kwa siku itamaliza kilo 6 kwa wiki mbili pungufu ya siku moja.

Lakini hapa tuko mita 1,500 hivi juu ya bahari, na maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayafiki 100. Maharage yanachelewa, na sombe (kisamvu) pia. Yaloweke maharage usiku kucha, na yakishachemka shusha moto, kwa sababu moto mkali hauongezi joto la maji, unaongeza mvuke tu. Mama anayetumia sufuria ya presha atanunua gesi mara chache kuliko jirani yake.

Ushauri wangu kwa nyumba ya watu watano au sita: mitungi miwili ya kilo 6, badala ya mmoja wa kilo 12. Mmoja ukiisha saa mbili usiku hamtarudi kwenye makala (makaa), na mtungi mdogo hata kijana anaubeba. Mkahawa ni habari nyingine: gesi inapotoka kwa wingi, mtungi mdogo unapoa na moto unalegea, kwa hiyo chukua mkubwa.

Hatua ya 3: Uliza utajazwa wapi

Vinywa vya mitungi havifanani. Mtungi ulionunuliwa ng'ambo, Gisenyi ya Rwanda, huenda usikubaliwe na muuzaji wa mtaani kwako, na detanderi yako (kile kifaa cha kupunguza nguvu ya gesi, kinachofungwa mdomoni mwa mtungi) huenda isishike. Chagua kwanza muuzaji aliye karibu, kisha mtungi wake, kisha detanderi ya mtungi huo. Usikubali kamwe mtu akuhamishie gesi kutoka mtungi hadi mtungi uani.

Hatua ya 4: Soma chuma, weka kwenye mizani

Shingoni pamegongwa neno TARE na namba: huo ni uzito wa mtungi mtupu. Ukisoma 7.4 kwenye mtungi wa kilo 6, mizani lazima ionyeshe 13.4. Mwaka jana nilipima mmoja nikapata 12.1. Kilo 1.3 hazimo, zaidi ya saa tano za moto! Muuzaji aliubadilisha bila neno. Angalia pia tarehe ya kupimwa. Ikizidi miaka 10, mimi siupokei. Wenye kutu ya kumeguka chini, au rangi iliyoungua kwa moto, uache hata ukipewa bure.

Njiani mtungi usimame wima, hata kwenye chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo. Ukilala, valvu ya usalama inaweza kutoa gesi ikiwa bado maji.

Hatua ya 5: Funga, kisha jaribu kwa povu

Mpira uwe wa gesi, wenye tarehe, usiozidi mita moja na nusu, usipite nyuma ya jiko. Kaza koliye (pete ya chuma inayobana mpira) pande zote mbili. Koroga sabuni ya unga kwenye kikombe cha maji, fungua gesi bila kuwasha, paka povu kwa brashi kwenye kila kiungo, utulie. Kipovu kinachovimba polepole, hata cha ukubwa wa punje ya mtama, ni uvujaji: funga, kaza, rudia. Kibiriti si kipimo.

Ukisikia harufu siku yoyote, funga mtungi, beba watoto juu mikononi, fungua mlango, toka. Usiguse swichi wala simu mpaka uwe nje.

Na usiku wa baridi, tafadhali, usilale na jiko la gesi linawaka chumbani, wala mbabula, yaani jiko la makala. Moshi wa kaboni usioonekana hauna harufu ya kukuamsha. Ongeza blanketi.

Mwisho, andika kwa chaki ubavuni mwa mtungi tarehe uliyouwasha. Ukiisha mapema kuliko hesabu ya hatua ya 2, rudi na kikombe cha povu kabla ya kumlaumu muuzaji.