Ukuta wa pamoja na jirani: taarifa za kutoa kabla ya kujenga England na Wales

Shemeji yangu alitaka kuongeza chumba nyuma ya nyumba yake, moja ya zile nyumba za kuungana ambapo ukuta mmoja ni wa kwako na wa jirani. Kibali cha halmashauri alikuwa nacho, fundi alishampata. Taarifa kwa majirani, yaani barua ya kuwaambia unakusudia kujenga nini, ndiyo tuliyokosea, na ikatuchelewesha mwezi mzima. Hatua hizi ni za England na Wales. Sheria hii haitumiki Scotland wala Ireland ya Kaskazini.

1. Angalia kama kazi yako inaguswa

Sheria yenyewe ni Party Wall etc. Act ya mwaka 1996. Kutundika rafu, kupiga lipu upya au kubadili nyaya za umeme hakuhitaji taarifa. Kupachika boriti ndani ya ukuta wa pamoja, kuuinua au kuubomoa kunahitaji, na vilevile kujenga ukuta mpya mpakani. Wengi husahau kuchimba: ukichimba ndani ya mita 3 kutoka jengo la jirani, na shimo likashuka chini kuliko msingi wake, sheria inakuhusu. Kwa mashimo yenye kina zaidi inaweza kufika hadi mita 6. Kibali cha halmashauri hakichukui nafasi ya taarifa hii.

2. Nenda ukabishe hodi

Beba mchoro, ueleze kelele zitaanza lini. Usimtumie jirani barua ya kisheria kabla hajakusikia kwa mdomo wako.

3. Tafuta wamiliki wote

Hapa ndipo tulipokwama. Jirani wa chini tuliyezoeana naye alitusainia fomu ya kukubali siku hiyo hiyo, tukafurahi. Kumbe ni mpangaji wa kulipa mwezi kwa mwezi, na mpangaji wa namna hiyo si mmiliki mbele ya sheria hii. Nyumba yenyewe iligawanywa fleti mbili, kila moja ikiwa na mwenye mkataba wake wa miaka mingi, na juu yao yupo mwenye ardhi. Watu watatu, taarifa tatu. Ile saini haikutusaidia kitu. Tukaanza kuhesabu siku upya.

Kwa hiyo usiulize nani anaishi hapo. Uliza nani anamiliki, kisha hakikisha kwenye rejista ya HM Land Registry (ofisi ya serikali ya kusajili umiliki wa ardhi), kwa ada ndogo. Tafuta hati ya ardhi na hati ya kila fleti, kwa kuwa hati moja haitakuonyesha wote. Nyumba ikimilikiwa na mume na mke, andika majina yote mawili. Mmiliki asipojulikana, sheria inaruhusu kuandika "The Owner" pamoja na anwani ya nyumba na kumkabidhi aliyepo, au kuibandika mahali panapoonekana kama hakuna mtu. Mimi naiacha njia hiyo iwe ya mwisho kabisa. Barua pepe inakubalika pale tu mpokeaji alipokubali kupokea kwa njia hiyo.

4. Peleka kwa wakati

Kazi ya ukuta wa pamoja uliopo: miezi 2 kabla ya kuanza. Ukuta mpya mpakani au kuchimba: mwezi 1. Taarifa ya kuchimba iambatane na michoro inayoonyesha mahali na kina cha shimo.

5. Hesabu siku 14

Kwa ukuta uliopo na kwa kuchimba, jirani akinyamaza siku 14 anahesabiwa amekataa. Kimya si ridhaa. Hapo anateuliwa saveya, yaani mtaalamu wa kuamua mambo ya ukuta kati yenu, atakayetoa uamuzi wa maandishi. Mnaweza kuwa na mmoja wa pamoja, au kila upande na wake, na hao wawili wanachagua wa tatu. Napendelea mmoja, maana kwa kawaida gharama zote humwangukia anayejenga. Wewe mwenyewe huwezi kuwa saveya wa kazi yako.

6. Piga picha za nyufa

Fanya hivi hata jirani akikubali. Juu ya dirisha lake la jikoni tulikuta ufa, tukaweka rula kando yake: milimita 2. Picha ikapigwa rula ikiwemo, tarehe ikaandikwa, pande zote mbili zikasaini na kila mmoja akabaki na nakala. Kazi ianze ndani ya miezi 12 tangu taarifa ilipotolewa, la sivyo utarudi hatua ya 4.