Kupiga Hendeli Land Rover ya Zamani Bila Kuvunja Mkono

Maelezo haya ni ya kuwasha injini kwa hendeli, yaani chuma cha kuizungusha kwa mkono, kwenye Land Rover Series II ya petroli, injini ya lita 2.25. Ya dizeli iache: mgandamizo wake ni mkubwa mno kwa mkono wa mtu.

Tafuta hendeli nyuma ya viti vya mbele. Ukinunua iliyotumika, kagua pini ya kichwani. Iliyolika huteleza katikati ya mzunguko. Ipitishe kwenye tundu la bampa mpaka ishike nati yenye meno mbele ya puli ya kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni. Meno hayo yamechongwa mshazari ili injini ikiwaka yaisukume hendeli nje, kwa hiyo safisha kutu na upake grisi.

Weka gia huru, vuta hendibreki, tia vigingi magurudumuni. Swichi ikiwa imezimwa, vuta choki (kishikio cha kupunguza hewa injini ikiwa baridi) na uzungushe mara 2 au 3 petroli ifike kwenye silinda. Kisha washa swichi.

Sasa mkono. Kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kamwe kisizunguke mpini. Anzia chini, vuta juu kwa nguvu nusu mzunguko, kisha achia. Usisukume kuelekea chini: cheche ikiwahi kabla pistoni haijafika juu, injini hurudi kinyume na kuvunja kifundo cha mkono. Ikirusha hendeli kinyume hata mara moja, acha, rekebisha taimingi (wakati wa cheche kutoka) kwanza.

Betri iliyokufa kabisa haitatoa cheche hata ukizungusha kutwa. Hendeli husaidia iliyochoka tu.