Lenzi ya picha ya ukoo pale Forodhani

Ukienda kupiga picha ya ukoo Forodhani, Zanzibar, siku ya Idi, usikimbilie lenzi pana ya milimita 24 ati kwa sababu watu ni wengi. Lenzi hiyo huwavuta walio pembeni: bibi aliyekaa mwisho wa safu atatoka na kichwa kipana na bega nene, na picha hiyo ndiyo itakayotundikwa ukumbini miaka na miaka. Bibi hastahili hivyo. Funga ya milimita 50, au 85 ukiwa na uwanja, kisha rudi nyuma wewe. Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe pa kurudi hapana. Huko tumia 35, na usimbane mtu ukingoni mwa picha. (Hesabu hizi ni za kamera yenye sensa kubwa, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, cha ukubwa wa “full-frame”; kwenye sensa ndogo ya APS-C, 35 inakaribia kazi ya 50.)

Safu zikiwa mbili tatu, tundu la lenzi lililo wazi sana, f/1.8, liache, maana safu ya nyuma itatoka na ukungu. Libane hadi f/8, ulenge macho ya safu ya mbele, na kasi isipungue 1/200 ya sekunde, maana watoto hawatulii.

Jioni wakiipa bahari mgongo, jua litakuangalia wewe: ivishe lenzi kofia yake ya kukinga jua.