Upepo wa tairi ukiacha lami: namna ya kuipata namba ya gari lako

Vijana wanaoanza kuendesha magari ya utalii huniuliza swali moja: "Kaka, porini unaweka ngapi?" Nikisema psi 28 (psi ni kipimo cha upepo), wanaandika 28 kwenye simu na kuondoka. Wiki inayofuata gari lina wageni sita, mafuta tenki mbili, jokofu, maji na spea mbili mgongoni, na 28 ileile inalipika tairi kwenye lami hadi ubavu unaachia. Namba yangu ni ya gari langu: Land Cruiser ndefu, matairi 7.50R16 ya tyubu. Ya kwako inabidi uitafute, na kuitafuta ni kazi ya asubuhi moja.

Kabla ya yote nunua geji yako ya kupimia upepo. Za vituo vya mafuta hazipatani. Niliwahi kupima tairi lilelile vituo viwili, dakika kumi tu kati yake, nikapata tofauti ya psi 5. Yako hata ikidanganya, itadanganya kwa kiasi kilekile kila siku, na hilo ndilo unalolihitaji. Kama imeandikwa kwa bar, bar 1 ni psi 14.5 hivi, au kPa 100.

Hatua ya 1: Namba ya lami, na mzigo wote ndani

Pakia gari kama unavyosafiri. Pima alfajiri, kabla tairi halijagusa barabara wala jua. Anzia kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, ila kumbuka kibandiko hakijui kwamba umefunga bodi ya kufunua paa na kubadilisha saizi ya tairi. Nyuma huwa juu kuliko mbele kwa sababu mzigo umekaa huko. Gari langu likijaa, mbele naweka 38 na nyuma 45.

Hatua ya 2: Liulize tairi lenyewe

Chora mstari mnene wa chaki kukatiza kashata (meno ya tairi), upande hadi upande. Endesha mita kumi na tano mbele, moja kwa moja, kwenye lami kavu. Chaki ikifutika katikati tu, upepo umezidi. Ikifutika pembeni na kubaki katikati, umepungua.

Halafu jaribio ninaloliamini zaidi. Endesha saa nzima kwa mwendo wako wa kawaida, simama, pima papo hapo. Tairi likipata joto upepo hupanda. Ukipanda psi 4 hivi, uko sawa. Ukizidi 6, tairi linajikunja kupita kiasi, maana yake ulianza na upepo mdogo kwa mzigo ule na mwendo ule: kesho anza juu zaidi. Usipopanda hata 2, punguza kidogo. Kosa la wengi ni kuona 43 kwenye tairi la moto wakatoa upepo ili irudi 38. Likipoa litakuwa 33 na hutajua kwa nini gari linayumba.

(Kuna anayedai ukipanda ukingo wa Ngorongoro, mita 2,300 hivi, lazima upunguze upepo kwa sababu hewa ya nje ni nyepesi. Ni kweli geji husoma juu zaidi kule. Lakini kutoka Arusha ni kama psi 1 na nusu tu, na baridi ya kule juu inashusha karibu kiasi hichohicho. Acha.)

Hatua ya 3: Punguza kufuata ardhi

Barabara ya vumbi yenye rasta (vijituta vilivyopangana vinavyotikisa gari), mfano Naabi kwenda Seronera kule Serengeti: toa robo ya upepo wa lami. Mimi huwa 29 mbele, 34 nyuma. Tofauti utaisikia kwenye usukani kabla hujafika kilomita ya kwanza, na shokapu zako zitaishi.

Mawe, kama yale ya kuelekea Ziwa Natron: hapo nashuka kidogo tu chini ya namba ya rasta, 27 mbele, 32 nyuma. Tairi laini hulikumbatia jiwe, lakini likilala sana ubavu unatoka nje, na mawe ya volkano ni visu. Ubavu ukichanika fundi pancha hana dawa.

Mchanga wa makorongo ndiko upepo unakoleta muujiza. Ukishusha upepo, alama ya tairi ardhini inarefuka zaidi kuliko inavyopanuka, na gari linapita juu badala ya kuchimba. Shusha kabla ya kuingia. Aliyekwama kwanza anashusha akiwa amelala kifudifudi mchangani. Tairi la tyubu mimi silipeleki chini ya 20, kwa sababu likiteleza kwenye rimu linang'oa valvu ya tyubu. La tyubulesi (lisilo na tyubu) linakubali 16 hadi 18.

Tope jeusi la mbuga wakati wa masika ni habari nyingine. Kashata zikishajaa, tairi ni kipara, uwe na 20 au 40. Nashuka hadi 25, naweka gia ya chini na siachi kasi ife.

Hatua ya 4: Kijiti

Tairi likiwa na upepo wa lami, simamisha kijiti kutoka ardhini hadi ukingo wa rimu, kata hapo. Tuseme ni sentimita 16. Weka alama kwenye robo tatu, yaani 12. Ukitoa upepo mchangani, rimu ikifika kwenye alama hiyo, simama, hata kama geji inaonyesha bado una nafasi. Kijiti kinauona mzigo, geji haiuoni.

Hatua ya 5: Mwendo, halafu rudisha

Tairi la 20 ni la kilomita 30 kwa saa, bila kona kali. Nililipa kulijua hilo: nilikata usukani ghafla kumkwepa punda karibu na Engaruka, tairi la mbele likatoka kwenye rimu, nikatumia saa mbili na jeki iliyokuwa ikizama. Baada ya hapo kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki hakishuki kwenye gari.

Ardhi ikigeuka ngumu, toa kompresa ujaze, mgeni anung'unike asinung'unike. Anza na matairi ya nyuma. Vifuniko vya valvu viwe mfukoni muda wote, visiwekwe chini: chembe moja ya mchanga ikiingia kwenye valvu haitafunga vizuri, na asubuhi utakuta tairi limelala mbele ya hema.