Afisa ustawi haonekani kata yenu? Hivi ndo unavyombana kupitia diwani

Kwanza tuelewane, kama kuna mtoto anapigwa au kafungiwa ndani saa hizi usisubiri kikao cha mtu yeyote, piga 116 ni bure, au nenda dawati la jinsia na watoto pale polisi. Ninachoongelea hapa ni ile kero nyingine, kesi inapelekwa ustawi wa jamii halafu kimyaa, afisa mmoja anazungushwa kata kibao, mafuta ya pikipiki hana, na sisi huku Kigoma tunaishia kulalamika kijiweni Mwanga wakati kuna watu tumewapigia kura na kuuliza ndo kazi yao.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imesema wazi kwamba halmashauri ndo ina wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto kwenye eneo lake, kwa hiyo sio hisani ya mkurugenzi. Afisa ustawi ni mtumishi wa halmashauri, bosi wake ni mkurugenzi, na mkurugenzi anahojiwa na Baraza la Madiwani. Njia ni hiyo. Wengi wanaruka juu kwa juu wanamtag waziri mtandaoni, mi naona wanajichosha tu, maana hata waziri akijibu ataishia kumpigia simu mkurugenzi huyo huyo.

Anzia mkutano wa kijiji au mtaa, wa kijiji unatakiwa uwepo kila miezi mitatu, na kama hauitishwi basi hiyo nayo ni hoja. Toka hapo liende kamati ya maendeleo ya kata, ile WDC, ambayo mwenyekiti wake ni diwani mwenyewe na katibu ni mtendaji wa kata. Hakikisha limeandikwa kwenye muhtasari. Likisemwa bila kuandikwa hesabu halijasemwa.

Sasa namna ya kuuliza, hapa ndo watu wengi wanapigwa chenga. Diwani ukimpa hadithi, naye barazani atajibiwa hadithi. Chukua mfano wa watoto wanaoshinda mwaloni wanaanika dagaa muda wa shule. Diwani akisimama akasema "mheshimiwa mwenyekiti watoto wetu wanateseka kule mwaloni", mkuu wa idara anainuka, "tumelipokea, tunalifanyia kazi", makofi, ajenda inayofuata. Umeisha. Badala yake mwandikie kikaratasi asome kama kilivyo:

"Robo ya Oktoba hadi Desemba ustawi wa jamii imepokea mashauri mangapi ya watoto kutoka kata yetu, yamefungwa mangapi, na yaliyobaki yamekwama kwa nani? Kitengo kiliidhinishiwa shilingi ngapi mwaka huu wa fedha na mpaka leo kimepokea shilingi ngapi? Kata zipi hazina afisa ustawi na nani anazihudumia?"

Hilo la pili ndo lenye moto. Bajeti iliyopitishwa na hela iliyotoka ni vitu viwili tofauti kabisa, na unaweza kukuta afisa mnayemtukana kila siku hajapewa hata OC, yaani hela ya matumizi ya kawaida ya ofisi, ya kufuatilia kesi Kalinzi akarudi. Mbane mwenye hela, sio yeye tu.

Swali lisiachwe mpaka siku ya baraza. Kabla ya hapo kuna kamati za kudumu, na ile inayoshika huduma za jamii, kwenye halmashauri za wilaya mara nyingi ni Elimu, Afya na Maji, ndo inayochambua hizo taarifa kwa utulivu. Mtafute mjumbe wa kamati hiyo hata kama sio diwani wako, mwombe akatazame kabrasha lina ukurasa wa ustawi au ustawi umepewa mistari miwili chini ya afya. Barazani kwenyewe mwananchi anaruhusiwa kukaa kusikiliza ila kuongea huruhusiwi, kwa hiyo nenda na daftari uandike ahadi, nani kaahidi na lini.

Halafu subiri yatokanayo. Kikao kijacho kinaanza na muhtasari wa kilichopita na yatokanayo, na pale ndo ahadi inakuja kudaiwa. Diwani asipokumbushwa anaiacha ipite, ana mabarabara na maji kichwani, mkumbushe wiki moja kabla na umpe tarehe na maneno yaliyosemwa.

Jina la mtoto usilitaje popote, wala jina la mama yake, wala "yule wa nyumba ya pili kutoka msikitini", maana mtaani kwetu hiyo ni sawa na kutaja jina. Barazani zinapelekwa idadi na ucheleweshaji, kesi yenyewe inabaki kwa afisa ustawi na polisi.

Wakikunyima takwimu, mwandikie mkurugenzi ukitumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, anatakiwa akujibu ndani ya siku 30. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Na uliza pia kamati ya MTAKUWWA ya kata yenu, ile ya mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, imekaa lini mara ya mwisho, swali dogo hilo ila linatoa watu jasho.

Mbunge mwendee baraza likishindwa. Hapo angalia unamuulizisha waziri gani: maafisa, magari na hela za halmashauri ni OR-TAMISEMI (ofisi ya Rais inayoshika serikali za mitaa), sera na leseni za makao ya watoto ni Wizara ya Maendeleo ya Jamii, na watoto walioko kwenye kambi za wakimbizi kama Nyarugusu, kambi zenyewe ziko chini ya Mambo ya Ndani. Ukichanganya utarushwa kutoka ofisi moja kwenda nyingine. Katiba ibara ya 63 imelipa Bunge kazi ya kuisimamia Serikali na kumuuliza waziri yeyote swali, kwa hiyo mbunge akikwambia "hilo ni la halmashauri" mwambie na LAAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa, inawaita wakurugenzi hao hao. Swali likishajibiwa linaingia kwenye Hansadi, zile kumbukumbu rasmi za Bunge, na Bunge linaziweka kwenye tovuti yake, lipakue, chapisha huo ukurasa, mpe mtendaji wa kata auweke kwenye faili la WDC.